Mji Mdogo Nao Unastahili Zege la Kweli

Gurudumu la skeitibodi ya mtaani, ule ubao mdogo wenye magurudumu manne, lina kipenyo cha milimita 52 hivi, na ni gumu kiasi kwamba ukilibonyeza kwa kucha hakuna alama inayobaki. Ugumu huo humpa mchezaji kasi kwenye sakafu laini, na huohuo humwangusha kwenye sakafu mbovu. Kipande cha kokoto kisichofika nusu sentimita kikiingia mbele ya gurudumu, ubao husimama papo hapo na aliye juu yake hurushwa mbele. Ufa wa upana wa kidole hufanya vivyo hivyo. Naanzia hapa kwa makusudi. Nimekaa kwenye vikao vingi vya watu wanaotaka mji wao upate uwanja wa skeitibodi, na mara nyingi mazungumzo huanza na fedha, yakahamia kwenye ruhusa, yakaingia kwenye jina la uwanja, na sakafu ikatajwa wakati watu wanakusanya makaratasi yao waondoke. Uwanja wenyewe ni sakafu. Ukikosea sakafu, hujajenga kitu.

Ninachokitetea hapa ni hiki: mji mdogo ujenge kidogo, ujenge kwa zege la kweli, ujenge mahali panapoonekana, na wale watakaocheza wawepo tangu mstari wa kwanza wa mchoro. Mji mdogo haupati nafasi ya pili kirahisi. Jiji kubwa likijenga uwanja mbovu, vijana watapanda basi waende mtaa mwingine. Mji mdogo ukijenga uwanja mbovu, watoto watakua nao huohuo, na baraza la mji litakuwa na jibu tayari kila mtu akiomba mwingine: tulishawajengea, hamkuutumia.

Tukumbuke kwamba mchezo haungoji uwanja. Popote penye lami iliyonyooka au ukumbi wa sakafu laini, kuna mtoto aliyeazima ubao wa mwenzake na anajifunza kuruka nao. Wanacheza kwenye ngazi za ofisi, kwenye maegesho ya magari siku za mapumziko, kwenye kingo za bustani. Mlinzi anawafukuza, wanazunguka nyuma, wanafukuzwa tena. Mlinzi naye yuko kazini, simlaumu. Lakini katika mji mdogo sehemu nzuri ni moja au mbili tu, na kibao cha marufuku kikishawekwa hapo, mchezo umeisha. Mtoto hana pa kwenda, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yake na mwenzake wa jijini.

Jambo jingine ambalo watu wa miji midogo hulijua vizuri wakiambiwa ni hili: michezo mingi inataka timu. Mpira unataka wachezaji, kocha, ratiba, na mtu wa kuchagua nani anaanza na nani anakaa benchi. Asiyechaguliwa hurudi nyumbani. Ubao hauhitaji uchaguzi wowote. Unakuja peke yako, saa unayotaka, na unakuta wengine waliokuja peke yao. Mtoto wa miaka saba anajifunza kusukuma mguu mmoja huku mtu mzima wa miaka arobaini akimsubiri amalize njia yake. Sijaona sehemu nyingine ya umma ambako umri unachanganyika namna hiyo bila mtu kuwaambia wachanganyike.

Neno umma lina historia yake katika mchezo huu, na inafaa kuijua kabla ya kuingia kwenye kikao. Uwanja wa nje unaotajwa sana kuwa wa kwanza ulifunguliwa Tucson, Arizona, mwaka 1965, ukiitwa Surf City. Miaka ya 1970, baada ya magurudumu ya polyurethane (aina ya plastiki) kuchukua nafasi ya yale ya udongo mgumu na ya chuma, viwanja vya biashara viliota kila mahali Marekani na baadaye Ulaya. Ulilipa kiingilio, ukacheza, ukaondoka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 vingi vilikuwa vimefungwa na kuvunjwa: mashabiki walipungua, na bima ilikuwa mzigo usiobebeka. Vichache vilivyonusurika vinafundisha. The Rom, uwanja wa zege uliojengwa Hornchurch, mashariki mwa London, mwaka 1978, ulisimama muda mrefu kiasi kwamba mwaka 2014 uliwekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria Uingereza. Na huko Scotland, katika mji mpya wa Livingston, mamlaka ya maendeleo ya mji ilikubali kujenga uwanja wa wazi kwa wote. Msanifu Iain Urquhart aliuchora akiwa ameketi na wachezaji wenyewe, ukafunguliwa mwaka 1981, wakati ambapo biashara ya viwanja ilikuwa inakufa. Wachezaji wa mataifa mengine wakafunga safari kwenda mji ambao vinginevyo wasingekuwa na sababu ya kuufikia.

California ilichukua njia ya sheria. Tangu mwaka 1998 sheria ya jimbo hilo iliuhesabu mchezo huu kuwa wa hatari inayojulikana, na kuipunguzia miji mzigo wa kushitakiwa kila mtu anapoumia, kwa masharti ya kofia ngumu na vilinzi vya viwiko na magoti. Baada ya hapo miji mingi ilijenga. Nalitaja hili kwa sababu kila kikao kina mtu atakayesimama na kuuliza: mtoto akivunjika mkono, nani atalipa? Ni swali la haki. Halijibiwi kwa kupuuzwa, linajibiwa kwa sheria ya mahali ulipo, kwa mwanasheria wa mji kukaa mezani mapema, na kwa bango la masharti lililoandikwa kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Lakini muulizaji akumbushwe jambo moja: mtoto huyo anacheza leo barabarani, katikati ya magari, kwenye lami yenye mashimo. Hatari ipo tayari, na kwa sasa hakuna anayeisimamia.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya Portland, Oregon. Mwaka 1990 wachezaji waliingia chini ya daraja la Burnside, sehemu ambayo watu waliikwepa, wakaanza kumwaga zege kwenye ukuta bila ruhusa ya mtu. Kipande kwa kipande kikawa uwanja, na baadaye jiji likaukubali. Waliojifunza kazi pale, kwa kukosea na kuvunja na kumwaga upya, waliendelea kuwa wajenzi. Kampuni kama Dreamland na Grindline zina mizizi yake chini ya daraja hilo. Na kazi zao za mwanzo zilizowapa jina zilikuwa wapi? Katika miji midogo ya Oregon: Newberg, na Lincoln City, mji wa pwani ambao wakati huo haukuwa na hata watu 10,000. Miji hiyo ilipata viwanja ambavyo miji mikubwa haikuwa navyo, kwa sababu walioshika mwiko wa zege walikuwa ndio watakaopanda ukuta huo kesho yake.

Montana nako kuna mfano wa aina yake. Jeff Ament, mpiga besi wa bendi ya Pearl Jam, alikulia Big Sandy, mji wa watu kama 600. Kwa miaka mingi amesaidia kujenga viwanja vya zege katika miji midogo ya jimbo hilo, ikiwemo kwenye maeneo ya Wahindi Wekundu na huko kwao Big Sandy. Watu 600! Nikisikia mtu anasema mji wetu ni mdogo mno kuwa na uwanja, namtajia Big Sandy. Ni kweli si kila mji una mwanamuziki maarufu wa kuupigania, lakini hoja ya ukubwa imekufa. Na kwa anayedhani ni jambo la Marekani peke yake, yuko Ulrike Reinhard, Mjerumani aliyeanzisha uwanja katika kijiji cha Janwaar, jimbo la Madhya Pradesh nchini India, mwaka 2015. Sheria zake mbili zilikuwa fupi: asiyekwenda shule hachezi, na wasichana kwanza. Kampala, kwenye mtaa wa Kitintale, vijana walijimwagia zege lao kwa mikono yao katika miaka ya 2000, na ukawa uwanja wa kwanza wa Uganda.

Sasa mahali. Mji ukikubali kutoa ardhi, mara nyingi hutoa ile ambayo hakuna anayeitaka: nyuma ya dampo, pembeni ya karakana, mwisho wa barabara isiyo na taa. Sababu zinazotolewa ni kelele na usumbufu. Nakataa kabisa. Uwanja uliofichwa unavutia yale yale ambayo watu wanayaogopa, kwa sababu hakuna jicho. Uwanja ulio karibu na soko, shule, maktaba au kituo cha basi una macho mchana kutwa, na mzazi anayepita anasimama kidogo kutazama. Mtoto wa miaka minane hawezi kufika pembezoni peke yake, kwa hiyo ukiupeleka huko umeshawafungia nje wadogo na wasichana wengi kabla hata ya kumwaga zege. Panapofaa ni panapoonekana kutoka barabarani, penye maji ya kunywa, choo, kivuli cha kukaa, na taa za saa za jioni. Kivuli kisiwe cha miti inayoangusha majani na vijiti juu ya sakafu. Narudi kwenye lile gurudumu.

Kuhusu kelele, ukweli ni kwamba rampu (miteremko ya kupandia na kushukia) za chuma au mbao zilizo wazi chini zinavuma, na lami mbovu inavuma. Zege lililokaa juu ya udongo ulioshindiliwa hutoa sauti ya chini zaidi. Hilo linanileta kwenye kosa ambalo miji mingi imelifanya kwa nia njema kabisa: kununua rampu zilizotengenezwa kiwandani na kuzifunga kwa boliti juu ya uwanja wa zamani wa tenisi. Bei inaonekana nzuri, zinafika kwenye lori, na mkuu wa mji anaweza kukata utepe haraka. Kisha mabati ya kuunganisha rampu na sakafu yanaanza kukunjamana, boliti zinachomoza, maji yanaingia chini, na lami ya tenisi iliyopasuka inabaki na nyufa zake. Kibaya zaidi ni mpangilio. Rampu tano zimewekwa mbalimbali, kila moja inaelekea kwake, na mchezaji akishuka ya kwanza hana njia ya kufika ya pili bila kusimama na kusukuma upya. Uwanja mzuri unakubeba. Ukishuka upande mmoja, kasi yako inakupeleka kwenye kingo ya katikati, kutoka hapo hadi ukuta wa pili, na ukuta unakurudisha. Mtu asiyepanda ubao hawezi kuliona hilo kwenye mchoro, hata awe mhandisi hodari.

Ndiyo maana nasisitiza wachezaji wakae mezani, na wapewe penseli. Waulize wanacheza nini. Mji mmoja utakuta vijana wote wanapenda ngazi, reli na kingo. Mwingine wanataka bakuli (shimo la zege lenye kuta zilizopinda) na mawimbi ya zege. Wape udongo wa mfinyanzi wafinyange mfano wa uwanja juu ya meza. Hata aliye na miaka kumi atakuonyesha tatizo ambalo mchoro wa kompyuta umelificha. Mtu mzima atakayekaa nao asikimbilie kuwasahihisha. Mara nyingi wanajua mambo ambayo hawajui majina yake.

Nizungumzie zege lenyewe sasa, na nitakaa hapa kidogo.

Kazi inaanza chini. Udongo wa kujazia unawekwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ikishindiliwa kabla ya inayofuata. Ukiruka hatua hii, sehemu ya mjazo itazama baada ya misimu michache ya mvua na ukuta utapasuka mahali ulipokutana na sakafu, palepale mchezaji anapopita akiwa na kasi kubwa kuliko kote. Maji nayo yanapangwa kabla ya nondo. Sakafu tambarare inahitaji mteremko wa asilimia 1 hadi 2, ambao jicho halioni na mguu hausikii, ila maji yanausikia. Bakuli linahitaji tundu la kutolea maji kwenye sehemu ya chini kabisa, na bomba lake lazima liwe na pa kumwaga palipo chini zaidi. Kwenye ardhi tambarare, au penye maji karibu na uso wa ardhi, ni afadhali kuinua uwanja kuliko kuchimba. Bakuli lisilotoa maji linageuka bwawa la mbu.

Kisha umbo. Mkunjo wa rampu ni kipande cha duara halisi, na duara lina nusu kipenyo kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Unachukua ubao wa plaiwudi, unafunga kamba kwenye msumari, unachora, unakata kiolezo, na kila mkunjo unapimwa nacho. Kwa rampu ya kimo cha mita 1.2, nusu kipenyo cha mita 2 hivi kinampokea hata anayejifunza. Ukikipunguza hadi mita 1.5, rampu ya kimo kilekile inaanza kuwa ukuta, na anayeanza ataiogopa. Tofauti ya nusu mita kwenye karatasi haionekani kuwa kitu. Kwenye goti ni jambo jingine.

Juu ya mkunjo kuna bomba la chuma la kipenyo cha nje cha milimita 60 hivi. Ekseli ya ubao, chuma kinachobeba magurudumu, husugua hapo, na mlio wake ndio unaoufahamu ukiwa mbali. Bomba hili linapaswa kuchomoza milimita chache tu, tuseme 6 hadi 10, kwa mbele na kwa juu. Likilala sawa na zege, ekseli haina pa kushika. Likichomoza sana, gurudumu linagota wakati wa kurudi na mtu anaanguka chali kutoka juu. Nimemwona fundi stadi, mwenye kazi safi kila mahali, akilichomelea bomba lote bila kusaga maungio yake, kwa sababu hakuna aliyemwambia kinachopita pale. Hakuwa na kosa. Kijana mmoja mwenye ubao akiwa pembeni siku hiyo angeokoa kazi nzima.

Nondo za milimita 10 zikipishana kwa sentimita 30 zinatosha kwa sakafu ya kawaida yenye unene wa sentimita 12 hadi 15, mradi zimeinuliwa kwa biskuti za zege (vipande vidogo vya kuegeshea nondo) zisilale chini kwenye udongo. Halafu zege linakuja, na hapo kuna kishawishi kikubwa. Kwenye ukuta uliopinda zege linatakiwa liwe kavukavu, kiasi cha kukaa lilipowekwa bila kuteremka. Zege la namna hiyo ni zito kulifanyia kazi, mikono inauma, na mtu atapaza sauti: ongeza maji! Kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu na kuongeza nyufa. Wajenzi wakubwa hulirusha zege kwa pampu na hewa ili lishikamane na ukuta lenyewe. Kundi dogo linaweza kulipandisha kwa sepeto na kulipigapiga, ila wote wanatakiwa wavumilie ugumu wake. Baadaye watu wawili wanashika bomba lililopindwa kwa duara lilelile la kiolezo, mmoja kila upande, wanalivuta polepole juu ya mkunjo na kukata kilichozidi.

Kinachofuata ni subira. Maji hupanda juu ya zege bichi na kukaa kama utando. Ukianza kulisugua kwa mwiko wa chuma wakati utando huo upo, unayafungia maji chini ya ngozi, na ngozi hiyo itakuja kubanduka. Unasubiri utando upotee. Unabonyeza kwa kidole: kikiacha alama ndogo bila kuzama, unaanza. Mzunguko wa kwanza wa mwiko unasikika laini, karibu kimya. Mzunguko wa pili una mkwaruzo. Wa tatu, mwiko ukiwa umeinuliwa upande mmoja na umeshikwa kwa nguvu ya mikono miwili, unatoa mlio mkavu wa chuma, na uso wa zege unaanza kung'aa kwa rangi ya kijivu iliyokolea. Hapo ndipo sakafu inapozaliwa. Wapo watakaotaka kufupisha njia kwa kunyunyiza saruji kavu au kupiga niru juu ya zege lililokwisha kukauka. Kwenye sebule niru inapendeza. Kwenye rampu, ganda hilo jembamba litabanduka, na litaanzia karibu na bomba.

Mikato ya kuzuia nyufa inakatwa kwa msumeno siku ileile au kesho yake asubuhi, myembamba, milimita 3 hivi, ili gurudumu lisiitambue. Na baada ya hapo zege linamwagiliwa na kufunikwa lisipoteze unyevu kwa siku 7 angalau; nguvu yake hupimwa kwa kawaida siku ya 28. Huu ndio wakati mgumu kuliko wote kwa mji mdogo. Vijana wamesimama nje ya uzio na mbao mikononi, wameona kazi imeisha, na mtu anawaambia bado. Wape kazi ya kumwagilia. Waliomwagilia zege kwa mikono yao huwa ndio wa kwanza kumkemea atakayevunja chupa humo.

Fedha sitazizungumza kwa urefu, kwa sababu kila mahali pana mlango wake. Ninachojua ni kwamba wafadhili huangalia kama kuna watu nyuma ya ombi. Tony Hawk alianzisha taasisi mwaka 2002, ambayo sasa inaitwa The Skatepark Project, na imesaidia jamii za kipato cha chini Marekani kujenga viwanja vya umma. Kwa miaka yote hiyo imesisitiza kwamba wachezaji wa pale wahusike na kwamba uwanja uwe wazi kwa wote. Kikundi chenye barua ya mji ya kutoa ardhi, mchoro uliotokana na vijana, na mtu mzima mmoja asiyekata tamaa kinafika mbali kuliko kikundi chenye hotuba nzuri.

Fedha zikipungua, kata ukubwa. Usikate ubora. Mita za mraba 300 zilizosuguliwa vizuri, zenye rampu mbili zinazotazamana, kingo moja ya sentimita 35 iliyovishwa chuma cha pembe, na nafasi pana ya katikati ya kupanga miguu, zitajaa watu kila jioni. Mita 1,000 za zege la kukwaruza zitabaki tupu. Usikubali pia bakuli lenye kina kirefu liwe kitu cha kwanza, hata kama linapendeza kwenye picha ya gazeti. Watoto wengi wa mji huo bado hawajapanda ubao. Wajengee mahali pa kuanzia.

Na wasichana. Uwanja ulio wazi kwa wote kwa karatasi unaweza kuwa wa wavulana tu kwa vitendo, ikiwa hakuna aliyelifikiria. Skateistan, iliyoanza Kabul mwaka 2007 chini ya Oliver Percovich, iliwapa wasichana siku zao na walimu wanawake, mahali ambapo michezo mingi ilikuwa imefungwa kwao. Mji mdogo hauna mazingira hayo, lakini saa mbili kwa wiki za wasichana na wanaoanza, zenye mtu wa kuwafundisha, zinabadilisha sura ya uwanja wote. Kona ya kujifunzia itengwe na njia kuu ili anayeanza asiwe katikati ya wanaokimbia. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, mchezo huu ulipoingia kwa mara ya kwanza, Momiji Nishiya wa Japani alishinda dhahabu akiwa na miaka 13. Binti wa umri huo yuko katika kila mji. Anachokosa mara nyingi ni mita 300 za zege na saa ambazo hakuna anayemcheka.

Matunzo hayahitaji mengi: ufagio uliofungwa kwa mnyororo mahali ambapo kila mtu anaweza kuufikia, mapipa ya taka yanayomwagwa kweli, mtu wa kuzibua tundu la bakuli kabla ya mvua, na mfuko mdogo wa kuziba nyufa zikiwa bado nyembamba. Yaandikwe kwenye bajeti ya mji tangu mwaka wa kwanza, chini ya idara yenye jina na simu, kwa sababu kamati ya kujitolea huchoka na vijana huhama.

Mwisho kabisa, achieni ardhi pembeni. Uwanja mdogo uliojengwa vizuri utaombewa nyongeza, na ombi hilo litakuja mapema kuliko mnavyotarajia. Bomba la maji ya mvua lipitishwe hadi upande ulioachwa na lizibwe kwa kifuniko, nyaya za taa zivutwe hadi hapo, na ukingo wa sakafu upande huo uishie kwenye mstari ulionyooka bila bomba wala ngazi, ili awamu ya pili iungane na ya kwanza bila mtu kuvunja zege ambalo watu wanalichezea.